Usiku Ule Hapakuwa na Mwezi

Kazi ya kusahihisha maandishi ya wengine ina hatari moja ambayo haitajwi sana. Humzoeza mtu kuona makosa yaliyo mepesi kuonekana, na kuyapita makubwa yaliyovaa nguo nzuri. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi katika chuo kikuu, na shahada ya uzamivu niliyo nayo haikunikinga na hatari hiyo. Ushahidi wangu ni kisa kilichonipata mwaka 2021, na kingine kikubwa zaidi kilichonipata kabla yake, nyumbani kwetu Ikinga, ambacho nilikuwa nimejitahidi kukisahau.

Katika muhula wa pili wa mwaka ule niliwapa wanafunzi wangu zoezi la kutunga. Kila mmoja achukue hadithi ya kale, ya kwao au ya ugenini, aisimulie upya kwa Kiswahili. Wengi walichukua visa vya sungura na fisi. Wachache walimchukua Fumo Liyongo. Mwanafunzi mmoja wa kike alichukua hadithi ya Wayunani ya Persephone, binti wa Demeter, mungu wa mavuno, aliyechukuliwa na Hades, mfalme wa wafu. Lakini kuzimu yake hakuiweka chini ya ardhi. Aliiweka katika sayari ya Mirihi, nyika nyekundu isiyo na mti wala mto, na huko Hades na Persephone wakapendana. Katika ukurasa wa tatu wawili wale waliketi mlangoni pa jumba lao, mwezi mpevu ukapanda polepole kutoka mashariki, ukaimwagia nyika mbalamwezi nyeupe kama maziwa, na binti akakubali kuolewa.

Kiswahili chake kilikuwa kizuri, nami nilikisoma kwa raha. Hata hivyo nilikuwa nimesoma kidogo habari za sayari, na elimu ndogo hupenda kujionyesha. Nikashika kalamu nyekundu. Nikamwandikia pembeni kwamba Mirihi ina miezi miwili, Phobos na Deimos, iliyogunduliwa na Asaph Hall wa Marekani mwaka 1877. Phobos ni jabali lenye upana wa kilomita 22 hivi. Huizunguka Mirihi kwa muda wa saa 7 na dakika 39, upesi kuliko Mirihi yenyewe inavyojizungusha. Kwa hiyo mtu aliyesimama huko huuona ukichomoza magharibi na kutua mashariki, nao haupandi polepole hata kidogo, maana huvuka anga lote kwa saa nne na ushei. Kwa macho upana wake hufika theluthi moja tu ya mwezi wetu, na mwanga wake ni hafifu sana. Deimos huonekana kama nyota kubwa. Nikamalizia kwa kuandika kwamba mbalamwezi kama maziwa ni ya duniani, haiwezi kuhamishwa kama mkeka. Nilijiona nimefanya kazi yangu vema.

Juma lililofuata mwanafunzi yule alinijia ofisini akiwa na karatasi yake mkononi. Tuliamkiana, nikamkaribisha kiti. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, mwezi umeusahihisha kwa mistari tisa, nakushukuru. Ndoa hukuigusa. Maana yake ndoa ni sahihi?"

Nilimjibu upesi kwamba mwezi una kanuni zake ambazo hazibadiliki, lakini hadithi ni mali ya msimulizi. Jibu lilikuwa tayari mdomoni kwa sababu nilikwisha kulitumia mara nyingi darasani. Yeye hakubisha. Alisema tu kwamba alitazamia nimuulize, maana yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alikuwa amesoma kwenye simu yake Lore Olympus, hadithi ya picha ya Rachel Smythe iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ambamo Persephone na Hades ni wapenzi. Baadaye akatafuta asili ya hadithi yenyewe, akakuta mambo mengine. "Nilitaka kumpa hiari aliyonyimwa," akasema. "Lakini nilipomaliza kuandika nikaona kama nimempa Hades msamaha ambao hakuuomba."

Alipokwisha kwenda nilifunga mlango nikakaa peke yangu. Swali lake halikuwa geni kwangu. Nilikwisha kuulizwa zamani, na mtu ambaye hakujua kusoma.

Kabla ya kulieleza hilo, yafaa kumkumbusha msomaji asili ya hadithi ya Persephone. Utenzi wa kale wa Kiyunani wa kumsifu Demeter, ambao watu wa zamani walidhani ni wa Homer, hausimulii mapenzi. Unasimulia kwamba binti alikuwa akichuma maua pamoja na wenzake. Alipounyosha mkono kulichuma ua moja la ajabu ardhi ikapasuka, na Hades akatoka na gari lake la farasi akambeba kwa nguvu huku akilia. Zeus, baba yake, alikuwa amekwisha kutoa idhini kwa siri; na Hades mwenyewe alikuwa baba yake mkubwa. Hekate, ambaye zama za baadaye alihesabiwa kuwa mmoja wa miungu ya mwezi, alikisikia kilio kutoka pangoni mwake asione kitu. Jua ndilo lililoona. Demeter alipomtafuta mwanawe siku tisa na mienge mikononi, Jua lilimweleza yote, kisha likamtuliza kwa kusema kwamba mkwe aliyepatikana si wa kuaibisha. Binti aliporudi alimwambia mama yake kwamba punje ya komamanga iliyomfunga kuzimu alilazimishwa kuila. Tangu hapo theluthi moja ya mwaka hukaa chini na mbili hukaa juu.

Haya ndiyo maneno ya asili. Mimi huona ajabu kwamba karibu kila kitu kinachotendeka katika ndoa ya kunyakuliwa kimo humo: baba aliyekubali bila kumwambia mama, jirani aliyesikia, shahidi aliyeona akanyamaza mpaka aulizwe, na ushauri wa kwamba mume si mbaya, ana mali na jina.

Wala Persephone si peke yake. Mtu akitazama sayari ya Mshtarii kwa darubini ndogo huona vitone vinne vya mwanga kandokando yake. Galileo aliviona mwaka 1610. Na mwaka 1614 Simon Marius, mnajimu wa Kijerumani, alipendekeza katika kitabu chake majina tunayoyatumia hata leo: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Sababu yake ilikuwa kwamba hao ndio waliopendwa na Zeus, ambaye Warumi walimwita Jupiter, jina la sayari yenyewe. Tuwatazame basi wapenzi hao. Europa alivushwa bahari juu ya mgongo wa fahali, asijue aendako. Ganymede alikuwa kijana aliyenyakuliwa akawe mnyweshaji wa vinywaji mbinguni. Callisto alijiwa na Zeus katika umbo la Artemis, bibi yake aliyemwamini. Io, kama asimuliavyo Ovid, mshairi wa Kirumi, alikimbia. Zeus akaifunika nchi kwa wingu zito, akampata gizani, kisha akamgeuza mtamba mweupe ili mkewe asijue. Io alipotaka kusema alitoa sauti ya ng'ombe, akaiogopa sauti yake mwenyewe. Akaenda kwa baba yake, akaandika kwa kwato mavumbini, na hivyo ndivyo baba alivyojua kwamba ng'ombe yule ni mwanawe.

Neno "mapenzi" limewafunika wanne hawa kwa muda wa miaka mia nne na zaidi. Mwaka 2011 Wamarekani walirusha chombo wakakiita Juno, jina la Kirumi la mke wa Zeus, nacho kikafika Mshtarii mwaka 2016. Watu walicheka kwamba mke ametumwa kumchunguza mumewe. Mimi pia nilicheka. Sikumbuki kumsikia mtu akiuliza habari za wale wanne.

Nasi Waswahili tuna letu la kujitazama. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad bin Abubakar Kijuma aliuandika mwaka 1913, Liyongo anaozwa mwanamke wa Kigala. Wagala walitaka mbegu ya shujaa, na sultani wa Pate aliitaka ndoa hiyo kwa hila zake. Mtoto aliyezaliwa ndiye aliyekuja kumwua babaye. Ndoa ile ni shauri la wanaume wenye haja zao. Mwanafunzi wangu mmoja aliyemchukua Liyongo mwaka ule aliifanya kuwa mapenzi ya kuonana mara moja kisimani. Nilimpa alama nzuri.

Sasa nirudi Ikinga. Kata hii imo katika wilaya ya Ileje, ambayo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya mpaka mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016. Mtu atokaye Tunduma huiacha barabara kuu hapo Mpemba, akafuata njia ya Isongole na Itumba, na ng'ambo ya mto Songwe huiona Malawi. Ni nchi ya milima na baridi, ya migomba, maharage na kahawa. Huko ndiko alikoishi bibi yangu mzaa baba, na huko ndiko alikozikwa mwaka 2014.

Bibi alikuwa akiniita "mume wangu," kama bibi wengi wawaitavyo wajukuu wao wa kiume. Nikifika kutoka masomoni alinilaumu kwa utani kwamba nimemtelekeza bila nguo wala chumvi, nami nilimjibu kwamba nimeoa vitabu. Tangu utotoni nilikuwa nimesikia, vipande vipande, kwamba babu alimbeba. Watu wazima walilitaja neno hilo wakitabasamu. Mwaka 2008, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili, niliandika hadithi fupi juu ya jambo hilo, ikachapishwa katika jarida dogo la wanafunzi. Niliandika kwamba binti alikuwa akichota maji jioni, kijana akamwona, wakapendana kwa macho. Na kwa kuwa baba wa binti alikuwa mkali, kijana alikuja na rafiki zake usiku wa mbalamwezi akamchukua, naye binti akacheka njia nzima, bangili zake zikimetameta kwa mwanga wa mwezi.

Likizo ilipofika nililichukua jarida nikaenda nalo nyumbani. Usiku, jikoni, karibu na moto, nilimsomea Bibi hadithi yake, nikiigeuza katika lugha ya kwetu mstari kwa mstari. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye bangili alijitazama mkono. Nilipomaliza alikaa kimya kitambo, akasukuma kuni motoni, kisha akasema, "Mjukuu wangu, usiku ule hapakuwa na mwezi."

Nilicheka. Nilidhani anasahihisha jambo dogo, kama nilivyokuja kuusahihisha mwezi wa Mirihi. Sikutambua kwamba hakuniita mume.

Kesho yake tulikwenda shambani kuchambua maharage, naye akanieleza bila mimi kuuliza. Ulikuwa wakati wa mvua, na giza lilikuwa la kumfanya mtu asione kiganja chake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi. Wanaume wanne walimkamata alipotoka nje, mmoja akamfunga kinywa kwa kitambaa. Kilipolegea alimwita mama yake mara mbili. Palikuwa na mama mzee jirani ambaye nyumba yake ilikuwa njiani. Bibi alisikia mlango wake ukifunguliwa kidogo, kisha akasikia ukifungwa. Bangili yake moja ilipotea mtoni. Baba yake alikasirika siku tatu. Siku ya nne waliletwa ng'ombe watatu na hasira ikaisha. Mama yake hakuwahi kuja kumtazama mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa, kwa sababu alikatazwa.

"Babu yako hakuwa mtu mbaya," akaniambia. "Tumelima pamoja, tumezaa pamoja, amenizika watoto wawili, nami nimemzika yeye na nikalia. Sikulia kwa uongo. Lakini usiku ule alifanya jambo baya. Ukiandika, andika yote mawili."

Nilimwahidi kwamba nitaandika. Alikaa nasi miaka sita baada ya hapo, na sikuandika neno. Kila nilipojaribu niliona haya kwa ajili ya babu, ambaye nilimpenda, na kwa ajili ya baba yangu, ambaye ni mtoto wa nyumba ile. Nikajiambia kwamba hadithi ile ya kwanza haikumdhuru mtu. Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Mimi kata nilikwisha kumwuliza, akanijibu, nikaendelea kuusifu mtungi.

Haya ndiyo yaliyonirudia ofisini siku ile. Swali la mwanafunzi na neno la Bibi yalikuwa kitu kimoja. Nami nimeona kwamba jibu langu la kusema hadithi ni mali ya msimulizi ni kweli nusu, na nusu nyingine ni mahali pa kujificha.

Nusu iliyo kweli ni hii. Kubuni si dhambi, wala hakukuanza leo. Wayunani wenyewe walizigeuza hadithi zao kila kizazi. Euripides alitunga tamthilia ambamo Helen hakufika Troy hata siku moja, bali mfano wake tu ndio uliokwenda. Homer hasemi kwamba Achilles na Patroclus walikuwa wapenzi, Aeschylus akasema, na mwaka 2011 Madeline Miller akakifanya kitabu kizima kwa jambo hilo. Kwetu hapa Ebrahim Hussein alipotunga Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa asichukuliwe kuwa yule wa historia. Mimi mwenyewe niliingia katika dunia ya Wayunani kwa mlango wa Kiswahili, kwa Mfalme Edipode ya Samuel Mushi ya mwaka 1971, nami siwezi kumkataza mtu kuzisimulia hadithi hizo kwa lugha yangu na kwa haja za wakati wake.

Lakini kuna tofauti kati ya kubuni mahali ambapo hadithi imenyamaza na kubuni mahali ambapo hadithi inalia. Penye kimya msimulizi anaweza kuingia na taa yake, atazame, adhani, aongeze. Penye kilio hana budi kukisikia kwanza. Akitaka kusema kwamba baadaye palikuwa na upendo, na aseme, kwa maana maisha ni marefu na moyo wa mwanadamu una vyumba vingi. Lakini upendo wa baadaye usirudishwe nyuma ukatandikwa juu ya usiku wa kwanza kama shuka safi juu ya kitanda kibovu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nilikitandika kitanda ambacho sikukilalia.

Mtu ataniuliza, je, haya si mambo yaliyokwisha? Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wote wawili, mume na mke. Ni kweli, na ni sheria njema katika jambo hilo. Lakini sheria huamua yatakayotendeka; hadithi huamua yatakayoonekana mazuri. Kijana aliyekua akisikia kwamba binti aliyebebwa alicheka njia nzima hatasikia kilio hata akisimama karibu nacho, kwa kuwa masikio yake yamefundishwa kukiita kicheko. Mimi nilikuwa mmoja wa waliowafundisha, na nilikuwa na karatasi iliyochapwa.

Wala mwanafunzi wangu hakuwa na kosa langu. Yeye alitaka kumpa Persephone hiari. Nia hiyo naiheshimu, na nilimwita tena nikamwambia hivyo. Nikamweleza pia kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko masahihisho yangu, na nikamwomba aandike upya akitaka. Aliandika. Hakuwaondoa Mirihini, wala hakuuondoa upendo wote. Ila hadithi yake ya pili ilianza kwa ukelele, na mwezi wake ukachomoza magharibi, mdogo, wenye mbio, usiotosha kumwonyesha mtu uso wa mwenziwe. Nilimwambia kwamba jina Phobos maana yake ni hofu, na kwamba katika masimulizi ya Wayunani yeye na nduguye Deimos ni watoto wa Aphrodite, mungu wa mapenzi, na Ares, mungu wa vita. Akalitumia hilo pia. Katika hadithi yake Persephone anauliza jina la mwezi ule, na Hades anaona haya kumjibu.

Mwezi Agosti mwaka ule nilikwenda Ikinga. Anga la kiangazi huko ni safi, na Mshtarii ilikuwa juu usiku kucha, karibu na upeo wa mng'ao wake. Nilikuwa nimeazima darubini ya macho mawili. Niliiegemeza juu ya ukuta wa ua ili isitikisike, nikamwita binti wa mdogo wangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, atazame. Alihesabu vitone vitatu, kisha akakipata cha nne. Nilimwambia kwamba mwanga anaouona si wao, ni wa jua, nao huurudisha tu, kama mwezi wetu ufanyavyo. Na kwamba jua liko mbali nao mara tano zaidi kuliko lilivyo mbali nasi, hivyo usiku wa huko, japo una miezi mingi, mbalamwezi yake ni hafifu kuliko yetu.

Akauliza majina yao. Nikamtajia. Akauliza walikuwa nani.

Hapo nilisita. Baba yangu alikuwa amekaa barazani, anatusikia. Kisha nikamweleza mtoto kwamba walikuwa watu wanne waliochukuliwa bila kuulizwa, na kwamba wengine huwaita wapenzi, lakini wao hawakusema hivyo. Akanyamaza kidogo, akaiinua tena darubini.

Baba yangu akaniuliza kutoka barazani, "Na mama yangu utamweleza lini?"

Nilimjibu kwamba nitaandika. Maneno haya ndiyo hayo. Babu yangu alimbeba bibi yangu kwa nguvu usiku wa mvua, naye aliita mama yake mara mbili. Baadaye waliishi pamoja zaidi ya miaka hamsini, na alipokufa alimlilia kwa kweli. Yote mawili yalikuwa. Usiku ule hapakuwa na mwezi.